Kilio cha Mama Makaburini Malindi

Siku ile ya Malindi naikumbuka vizuri, mwanangu, na nikiikumbuka bado naudhika kidogo. Kwa hiyo usitarajie maneno matamu tu.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, sina kazi, nakaa kwa mama, mtaani Umoja, na kubishana na kila mtu. Kuuliza si ujinga, nami niliuliza mpaka mchungaji akawa akiniona anavuka barabara kunikwepa. Kina mama wa chama cha ploti yetu, wapangaji wenzetu wa ua mmoja, walipokodi basi kwenda kutembea Malindi, walinipa kazi ya kupanga ziara. Nikapanga: nguzo ya mabaharia Wareno, kanisa lao dogo la kale, kisha magofu ya Gedi kabla lango halijafungwa.

Mama alikuwa na lake moyoni. Mdogo wake, mjomba Wafula, alikwenda Malindi kujenga mahoteli, akafia huko, akazikwa kabla habari hazijatufikia. Kwetu magharibi, maiti hurudishwa nyumbani ikaliliwa. Asubuhi ile tulipitia makaburi ya umma. Vibao vilikuwa vimeoza, na mlinzi akasema hawezi kujua yupi ni yupi. Mama akarudi kwenye basi.

Kwenye nguzo, kijana mtembeza wageni akatuambia ni nani aliyeigundua pwani hii.

"Aligundua nini," nikamkatiza, "na wenyeji walikuwa hapa wakimpikia?"

"Profesa," akasema Mama Wambui, jirani yetu muuza mboga, "wacha mwenyeji amalize. Yeye ana kazi."

Wakacheka, tukaenda kanisani. Uani mna makaburi ya wageni waliofia pwani. Mama akasimama penye moja lisilo na jina, akaweka mkoba chini, akafungua leso aliyojifunga kiunoni, akalia. Si machozi ya kupangusa kwa kitambaa. Kilio cha kwetu, cha kumwita marehemu kwa jina. Kina mama wote wakamwitikia, hata Mama Wambui, ambaye kwao hawalii hivyo. Kijana akavua kofia. Mimi nikatazama saa.

"Mama, hawa ni watu waliokuja kututawala. Mjomba hayuko hapa. Na Gedi inafungwa."

Hakuinua kichwa. "Wafula pia alikuwa mgeni hapa. Waliomzika, unadhani walikuwa wakiharakishwa na mtoto kama wewe?"

Majibu nilikuwa nayo, mwanangu, sijawahi kuyakosa. Nikayameza, nikakaa ukutani nimenuna. Gedi hatukuiona. Jioni mama alikula samaki mzima, mtu ambaye tangu msiba ule alikuwa akidokoadokoa tu.

Kuhusu mabaharia wale, mawazo yangu ni yale yale. Tena naudhika kwamba wao wana nguzo na mjomba hana hata kibao. Lakini naudhika zaidi nikiwaona ninyi vijana wa leo, mnaokimbia gofu hadi gofu, kila mmoja na hoja yake, hamna hata wa kumpisha mzee aketi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Basi shika hili. Mawe yaulize maswali yote unayotaka, hayachoki. Ila ukimkuta mtu analia, hata penye kaburi lisilo lake, usimsahihishe. Ngoja amalize, kisha mshike mkono umwinue.

Mungu akuzidishie miaka, mwanangu, na hiyo akili yako ya kuuliza isikauke. Na siku yako ikifika, hata iwe ugenini, usikose wa kukulilia.