Bata Mzinga Apoteza Ulimi

Kaka yangu Clovis Radebaugh aliendesha lori miaka mingi kati ya Tennessee na Oklahoma, huko Marekani, na barabara nzima ilimjua kwa jina la Bata Mzinga. Ndilo alilojipa kwenye redio ya madereva, ile ya kuongea gari kwa gari isiyofika mbali. Alikuwa na mdomo huyo! Akianza kisa cha ng'ombe aliyeingia kwenye gari la mchungaji, wenzake walipunguza mwendo ili sauti isiwapotee kabla hajamaliza.

Kisha akapigwa na kiharusi. Mguu ulirudi kidogo kidogo. Ulimi haukurudi.

Mkewe, Nadine, aliing'oa redio kabla lori halijauzwa, akaifunga kwenye gari lao. Kiangazi hicho tukaenda Arkansas kumwona dada yake Nadine. Nadine alishika usukani, Clovis kando yake, mimi nyuma na kuku wa kukaanga. Tulipofika vilimani, redio ikachangamka.

"Jamani, Bata Mzinga kapotelea wapi?"

"Kaokoka. Kaacha uongo, sasa hana la kusema."

"Wapi! Katoroka na mke wa mtu."

Clovis akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akanyakua kipaza sauti, akabonyeza. "Aa... aa..."

"We mlevi, toa kidole kwenye kitufe! Wenzio tunaongea."

Nadine akamnyang'anya. "Mlevi babako! Huyu ndiye Bata Mzinga mwenyewe. Kiharusi kimemchukua ulimi."

Halafu ikaja sauti ya mwanamke, nzito ya sigara. Alikuwa Mama Biskuti, dereva aliyetaniana na Clovis miaka yote hiyo bila kuonana hata siku moja.

"Bata? Kama unanisikia, bonyeza mara mbili."

Akabonyeza mara mbili.

"Mungu wangu. Nami nilidhani umenichoka, mzee. Basi leo nakusimulia mimi. Ng'ombe kaingia garini... we, alikula nini vile? Kofia au Biblia?"

Clovis alikuwa anacheka huku machozi yanamtiririka. "Ko... ko..." Alikibana kitufe kwa nguvu zake zote akilitafuta lile neno, na maadamu amekibana, hatukuweza kumsikia yule mama. Alipokiachia, sauti ilikuwa inakatikakatika. Yeye alielekea mashariki, sisi magharibi.

"...bado upo, Ba..."

Nadine akatoka barabarani, akageuza, akakanyaga mafuta mpaka gari likatetemeka. "Mama Biskuti, jibu! Tunarudi!"

"Sijamsikia, mama," alijibu mgeni mmoja. "Ila punguza mwendo, polisi wamejificha darajani."

Tulikwenda mbali sana. Mwishowe Clovis akakichukua kipaza sauti taratibu mkononi mwa mkewe, akakitundika, akazima redio.

Hakutaka tena iwashwe. Alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Baada ya mazishi Nadine aliipita barabara ile peke yake, kwenda na kurudi, akiita ili ampe yule mama habari. Hakumpata. Jina lake la kweli hatukulijua, wala Clovis hakulijua.