Siku Tuliyomtoa Jirani Eda

Nilimsikia kabla sijamwona. Kengele ndogo ililia alfajiri nyuma ya ukuta wa chumba cha uani, ikanyamaza, ikalia tena. Mama alikuwa anachuja chai. "Mpangaji mpya huyo," alisema. "Anasali. Punguza kelele."

Ndivyo alivyoingia nyumbani kwetu Temeke, mwanamke wa Kihindu aliyevuka sitini, sari yake nyeupe isiyo na hata ua moja. Shemeji yake alimleta siku chache baada ya mumewe kufa, akaweka begi mlangoni na kusema atamrudia Jumapili. Jumapili ile ikapita, na nyingine, na nyingine. Kila Jumapili alikaa kizingitini, begi limefungwa, tayari kuondoka.

Jirani yetu, mpika vitumbua, mtu wa pwani hasa, alipoona ule weupe alitoa hukumu. "Huyu yumo edani. Miezi minne na siku kumi, asisumbuliwe." Mama, Mlutheri kutoka bara, mambo ya eda aliwaachia wenyewe. Basi tukamlea kama mjane wa pwani anavyolelewa. Wanaume walipita mbali na mlango wake. Sisi wengine tulimtekea maji, tukampelekea chakula. Aliporudisha sahani ya samaki haijaguswa, mpika vitumbua hakununa. Alinunua sufuria jipya, akalitundika peke yake.

"Atakayetia dagaa humu," alitangaza, "nitampika yeye."

Kule chumbani mtu alicheka. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kumsikia akicheka.

Siku zilipotimia, mpika vitumbua alikuja na wenzake, na udi, na hina, na doti ya kanga nyekundu, na bangili za kioo.

"Shikamoo, mama. Leo unatoka."

"Natoka naenda wapi?"

"Unatoka eda, mama'angu. Umemaliza!"

Alizitazama bangili, machozi yakamtoka. Kisha akatueleza, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, maana alizaliwa Tabora. Katika ukoo wa mumewe, mjane huvunjiwa bangili siku ya msiba, na havai rangi tena mpaka naye afe.

"Kwetu haiishi," alisema.

Tulikuwa tumekosea tangu siku ya kwanza. Udi uliendelea kufuka, nasi tumesimama na kanga yetu kama wageni waliokosea nyumba. Mpika vitumbua ndiye aliyepata sauti.

"Basi sie tulihesabu ya kwetu. Ya kwenu tunaiheshimu, mama. Ukitaka weupe, kaa nao. Vitumbua utakula vilevile."

Mwanamke alijifuta uso kwa ncha ya sari. Halafu akanyoosha mkono.

"Hizo bangili, zitanienea?"

Zilimwenea kwa taabu, kwa sabuni na vicheko.

Shemeji yake alikuja mwezi uliofuata. Alimkuta uani, kanga nyekundu juu ya sari nyeupe, anamfundisha mpika vitumbua kusukuma chapati nyembamba.

"Bhabhi! Shemeji yangu, unatuaibisha. Watu wanasema tumekutupa uswahilini. Funga begi, kuna chumba nyuma ya ghala letu."

"Na rangi hii?"

"Utaivua."

Mama aliacha kupepeta mchele. Niliogopa. Hao ndio ndugu zake, sisi ni nani? Miezi yote ile alikuwa amemngoja huyu huyu.

"Ulisema Jumapili," alimwambia, bila hasira. "Nimekungoja Jumapili nyingi. Hawa hawakuwa na haja na mimi, na walinihesabia siku kwa vidole. Begi halipo, shemeji. Linahifadhi mchele wa vitumbua."

"Tena mchele mzuri," alidakia mwenye vitumbua.

Nimezungukwa na watu wanaotafuta maneno makubwa ya kuieleza nchi hii, nami ni mmoja wao. Siku ile sikuyatafuta. Nilisimama kando ya karo, mikono ina povu, nikajiona mrefu kuliko nyumba kwa kuwa mtoto wa uani ule.

Mjane alimkaribisha shemeji yake chai, naye akakataa. Basi akamsindikiza mpaka mlango wa mbele, kama adabu inavyotaka kwa mgeni, akamtakia heri njiani, akaufunga kwa mkono uliojaa bangili.