Fensi Iliyolia Mchana

Kwenye nguzo ya kona ya ukuta mmoja wa Milimani, Nakuru, upande unaotazama mlima Menengai, kuna maandishi yaliyochorwa kwa msumari saruji ilipokuwa bado mbichi: W. SITATI 9 MEI 2008. Yeyote anayepita barabarani anaweza kuyasoma akiinua kichwa.

Wasike Sitati huandika jina lake kwenye kila fensi ya stima anayofunga. Mafundi wenzake humcheka. Humuuliza ni fundi gani anayewarahisishia polisi kazi. Yeye hujibu kwamba anayeficha jina ana lake jambo. Mwaka huo jibu lilikuwa na uzito, kwa sababu Nakuru nzima ilikuwa ikitazamana kwa jicho la pembeni, na jina la mtu lilisomwa kabla ya uso wake.

Alizaliwa kwenye landi za reli, nyumba za wafanyakazi, mtoto wa fundi wa breki aliyetoka Kimilili akiwa kijana na kurudi huko ndani ya jeneza. Kazi ya fensi alijifunza kwenye shamba kubwa la mifugo upande wa Elementaita, ambako waya zilikuwa za kuzuia nyati. Nyati, husema Wasike, ni mteja mwepesi: akichapwa mara moja harudi, wala hataki kujua nani aliyeifunga fensi. Baada ya machafuko ya kikabila ya Januari, yaliyofuata uchaguzi, kazi ilihamia mjini. Watu waliokaa miaka yote nyuma ya ua wa miiba ya kayaba sasa walitaka waya sita juu ya ukuta wa mawe, na hawakutaka kuambiwa wangoje.

Mashine ya fensi ni sanduku dogo jeupe linalofungwa ukutani ndani ya nyumba. Hutuma pigo la umeme kwenye waya, tik, kisha hungoja kuona kiasi gani kimerudi, kisha hutuma jingine. Fundi huieleza mambo matatu: itoe umeme wa nguvu gani, ivumilie upungufu kiasi gani kabla ya kupiga king'ora, na ni namba gani itakayoifungua na kuizima. Hapo kwenye namba ndipo Wasike alipojijengea heshima. Alikuwa akimwita mwenye nyumba, akimwonyesha vitufe, kisha akigeuka na kuutazama ukuta hadi mwenyewe amalize kubonyeza. "Namba yako sitaki kuijua," alikuwa akiwaambia. Wateja walisimuliana habari hiyo. Ndiyo iliyomfikisha kwa Gopal.

Gopal ana duka la vifaa vya ujenzi mjini, na mtaani anajulikana kwa kuhesabu misumari ambayo wengine huipima kwa kilo. Januari ile alilala ndani ya duka lake akiwa na nondo mkononi, na tangu hapo hakuamini komeo lolote. Alitaka fensi inayolia hata ndege akikohoa. Wasike alimtahadharisha kwamba mashine ikibanwa sana italia bure. Gopal akasema bora ilie bure kuliko inyamaze bure, na Wasike akaibana.

Tatizo lilikuwa ardhi. Fensi haifanyi kazi bila vyuma virefu vilivyopigiliwa chini ili umeme upate njia ya kurudi, na udongo wa Milimani ni majivu ya volkano, mwepesi, usiokaa na maji. Isitoshe, uwanja wote ulikuwa umetandazwa kabro, vile vitofali vya saruji vya kusakafia. Sehemu pekee iliyobaki wazi ilikuwa nyuma ya jikoni, kando ya kizimba cha matofali ambamo mke wa Gopal, Indira, alikuwa amepanda tulsi, mrehani mtakatifu wa Wahindu. Udongo wa pale ulikuwa mweusi na wenye maji. Indira alikataa kwanza. Baadaye alikubali kwa masharti: fundi avue viatu, na chuma kisiguse kizimba. Wasike alivua viatu, akapigilia, akapima, akaona ardhi nzuri kuliko zote alizozipata mtaa ule. Alipanga mashine kwa kipimo hicho. Hakujiuliza kwa nini pale tu ndipo palipokuwa na maji.

Miezi ilipita kimya. Baada ya Diwali, Indira alisafiri kwenda Leicester kumsaidia binti yao aliyekuwa karibu kujifungua. Mwanzoni mwa Desemba king'ora kilianza kulia.

Hakikulia usiku. Kililia mchana, baada ya chakula, jua lilipokuwa kali na Gopal akiwa dukani. Kililia leo, kikalia kesho, kikapumzika siku moja ya mawingu, kikaanza tena. Majirani walitoka mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu walifunga madirisha. Gopal alilala na jambo hilo, akaamka na maelezo: kuna mtu anawazoesha. Anataka king'ora kilie mpaka kigeuke kelele za mtaa, halafu siku moja kilie kweli na asitoke mtu.

Alimwita Wasike, na Wasike alipofika getini alimkuta Kimaiyo, askari wa mchana, mtu wa Olenguruone, eneo ambalo watu wake walishukiwa mjini tangu Januari, amesimama na rungu kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa. Wasike alikuwa amemshuku tangu njiani. Mtu aliye peke yake uwanjani mchana kutwa anaweza kutupa kipande cha waya juu ya fensi na kuuondoa kabla king'ora hakijanyamaza. Alimuuliza alikuwa wapi jana kilipolia.

"Hapa hapa," Kimaiyo alisema. "Na wewe boss ulikuwa wapi?"

"Mimi nilikuwa Dundori, kazini."

"Basi sawa. Lakini mwenye namba ni wewe. Mimi niko na rungu tu."

Wasike alicheka kidogo. Hakujua kwamba neno hilo lilikuwa limeshasemwa mezani kwa Gopal na mtu mwingine. Tanveer, mwenye duka la vifaa vya stima barabara ileile, alikuwa amemweleza Gopal jambo ambalo mafundi hawalitaji: mbali na namba ya mwenye nyumba, kila mashine ina namba ya fundi, na hiyo hufungua kila kitu, hata namba ya mwenye nyumba huibadilisha.

Gopal alimkaribisha Wasike sebuleni lakini hakumwambia akae.

"Fundi, ile siku uligeuka ukaangalia ukuta. Kama padri. Mimi nikaambia watu, huyu ni mtu safi. Na wakati huohuo funguo yako iko mfukoni. Kweli au uongo?"

Ilikuwa kweli. Wasike alieleza kwamba bila namba hiyo fundi hawezi kurekebisha chochote, kwamba mafundi wote wanayo, kwamba hakuwahi kumpa mtu. Alijisikia akisema maneno ambayo hata mwizi angeyasema, na kwa mpangilio uleule. Moyoni alianza kumshuku Tanveer pia: yeye huuza mashine za aina nyingine, na fensi ya Wasike ikiharibika yake inanunuliwa.

Gopal hakutaka maelezo. Alisema Jumapili atakuwa hekaluni, na watu wote aliowasifia Wasike watakuwepo. Kufikia Jumamosi jioni Wasike awe amemwonyesha kwa macho ni nani anayeiliza fensi. La sivyo atawaambia neno moja tu, kwamba fundi yule ana namba yake. Wasike hakuhitaji kufafanuliwa. Fensi zake nyingi zilikuwa za watu hao, na geti moja likikufungia kwa sababu hiyo, mengine hujifunga yenyewe.

Kimaiyo naye alikuwa ameambiwa mwisho wa mwezi ndio mwisho wake.

Jumamosi Wasike alifika mapema, na Gopal hakwenda dukani. Aliizunguka fensi yote kwa ngazi, waya kwa waya, akitafuta jani, utando wa buibui, alama ya kisu. Aligusa kila kikombe cha plastiki kinachoshika waya. Hakuona kitu. Kisha alimweka Kimaiyo kwenye kiti katikati ya uwanja, mahali ambapo angemwona kupitia mlango ulio wazi, naye akakaa mbele ya mashine na kutazama tarakimu. Kimaiyo aliuliza kama anapigwa picha. Wasike alimwambia akae tu, mikono magotini.

Baada ya chakula tarakimu zilianza kuteremka. Hazikuanguka ghafla kama zinavyoanguka waya unapoguswa. Ziliteremka polepole, kama maji kwenye tangi linalovuja, zikafika pale alipobana, na king'ora kikapasuka juu ya vichwa vyao. Kimaiyo alikuwa kitini, mikono magotini. Hakuna aliyegusa chochote. Wasike alizima kwa namba ya fundi, mbele ya Gopal, na Gopal aliutazama mkono wake kama anavyoutazama mkono wa mteja karibu na rafu.

Sasa ilibaki ardhi. Wasike aliufuata waya wa ardhi kwa macho mpaka jikoni, akaomba kwenda nyuma.

"Huko hakuna fensi," Gopal alisema.

"Kuna vyuma vyangu, mzee."

"Vyuma haviendi mahali. Angalia huku."

Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli jipya. Wasike alimkumbuka Kimaiyo akimwambia asubuhi, kana kwamba ni porojo tu, kwamba tangu mama asafiri mzee hamruhusu mtu kukanyaga nyuma, na ufunguo anatembea nao. Lilikuwa jambo geni. Mtu anayetaka mwizi wake apatikane hafungi mlango. Wasike alimtazama mzee huyu aliyevaa sweta siku ya jua kali, na kwa mara ya kwanza alimshuku yeye. Kuna nini huko? Mali asiyotaka ijulikane? Au yeye mwenyewe ndiye anayeiliza fensi ili apate kisingizio cha kumfukuza askari wa Olenguruone bila kusema sababu ya kweli?

Simu ya Gopal iliita. Aliangalia namba, akatoka nje ya sebule, akazungumza Kigujarati kwa sauti ambayo Wasike hakuwahi kuisikia kinywani mwake, sauti laini, ya haraka, ya mtoto anayeulizwa kama amefanya kazi ya shule. Wasike hajui lugha hiyo. Alilisikia neno moja tu alilolijua, tulsi, na lilirudiwa.

Gopal aliporudi, Wasike alikuwa amevua viatu na kuviweka kando ya mlango wa nyuma.

"Mzee," alisema, "mama alikuwa akimwagilia pale kila siku?"

Gopal alisimama mkono ukiwa mfukoni, kisha akautoa na ufunguo.

Tulsi ulikuwa umekauka. Majani yalikuwa yamepukutika juu ya matofali, kijiti kimesimama chenyewe, na udongo uliozunguka kizimba ulikuwa wa kijivu, umepasuka, umeachana kabisa na vyuma vya Wasike. Indira alikuwa na desturi: kila asubuhi baada ya kuoga alimwagilia mti kwa lota, chombo kidogo cha shaba, akaomba, kisha akaosha kizimba chote kwa ndoo nzima ya maji. Maji hayo ndiyo yaliyokuwa ardhi ya fensi; yalipokatika, ubichi wa usiku ulitosha mpaka jua la mchana liukaushe. Alipoondoka alimwachia mumewe kazi hiyo, na mumewe aliahidi. Siku za kwanza alifanya. Halafu duka, halafu uchovu, halafu mti ulipoanza kunyauka aliona aibu kuutazama, akafunga mlango. Kila Leicester ilipopiga simu, alijibu kwamba mti unaendelea vizuri.

Wasike alimwomba alete ndoo na amwage mwenyewe, kwa kuwa yeye hakutaka kumwaga kitu mahali pa mama. Gopal alivua viatu. Alimwaga ndoo moja, akaenda kuleta nyingine. Walirudi kwenye mashine pamoja, wakasimama. Tarakimu zilianza kupanda, polepole kama zilivyoshuka, mpaka zikapita pale pa kulilia na kutulia.

Wasike ndiye aliyesema kwanza.

"Kosa la kwanza ni langu. Nilipima ardhi ya mama, nikadhani ni ardhi ya kiwanja."

"Na la pili?"

"La pili silijui, mzee. Mimi ni mtu wa waya."

Gopal alicheka kwa pua, kicheko kifupi kisichofika machoni. Alisema hekaluni hatasema kitu, na Kimaiyo abaki kazini. Kisha alisema, kwa sauti yake ya dukani, kwamba mambo ya waya ni ya waya na mama akirudi hana haja ya kuyasikia. Wasike alikubali. Alijua anachokubali: Gopal hatalitaja jina lake, na yeye hatautaja mti.

Lakini namba ilikuwa bado. Gopal alisema kuanzia leo namba ya fundi atakuwa nayo yeye, na Wasike akija kazini atafunguliwa. Wasike aliifungua mashine, akamwonyesha pa kubonyeza. Kisha, kwa mazoea, akageuka akautazama ukuta. Nyuma yake alisikia Gopal akisita. Halafu mlango wa kabati lililokuwa kando ya mashine ukavutwa, na Wasike alipogeuza jicho kidogo aliona kwamba Gopal alikuwa ameuweka katikati yao.

Kimaiyo alipomfungulia geti alimuuliza mwizi ni nani.

"Jua," Wasike alisema.

"Jua la kabila gani?"

Wasike alimwambia abaki kazini, mzee amebadilisha mawazo. Kimaiyo alitazama nyumba, akatazama mkoba wa fundi, akasema ataamini mwisho wa mwezi ukipita.

Jumatatu Wasike atarudi kung'oa kabro chache upande wa chini wa ukuta na kupigilia vyuma virefu zaidi, kisha ataomba afunguliwe mashine ili ailegeze. Kesho Gopal anakwenda hekaluni, ambako ataomba mche mpya wa tulsi. Indira anarudi Nakuru katikati ya Januari.