Mama Ramani na mji uliofutika

Saa mbili asubuhi, bati limeanza kutema joto. Mwanamke ameketi kwenye ukingo wa kitanda, mguu wa kulia ameunyoosha juu ya ndoo iliyopinduliwa, kompyuta iko mapajani. Anaandika sentensi tatu kuhusu kuongeza mifugo katika mchezo wa kujenga miji mtandaoni, anabandika picha, anabonyeza kitufe cha kutuma. Hajazisoma mara ya pili. Anapiga funda la chai, anaanza andiko jingine.

"Hilo la nne," anasema bila kuinua macho. "Nikifika ishirini, siku yangu imekwisha."

Kwenye jukwaa wanakokutana wachezaji wa mchezo huo, anaitwa Mama Ramani. Ana miaka arobaini na mitatu. Kwa miaka kumi na miwili alishona sare za shule katika karakana, hadi nyonga ilipogoma kabisa. Tangu hapo anaishi chumba cha uani kwa kaka yake, na ni wifi yake aliyempa kompyuta kuukuu ili asichoke kutazama dari.

Mchezo ulimwingia taratibu. Aligundua kwamba mabomba ya maji yanayopita chini ya miji yale hayaonekani, na ndiyo yanayowaangusha wachezaji wageni. Akachukua karatasi alizokuwa akikatia mitindo ya nguo, akaanza kuyachora. Alijenga mji wa majaribio, akaubomoa, akaujenga tena, mpaka alipojua kila bomba linapita wapi. Ramani moja ilimla siku tisa. Hakuna aliyemlipa, na hakuwa amedai.

Kisha wenye jukwaa wakatangaza kwamba kila andiko litakuwa na alama, na kila maoni chini yake yataongeza alama. Mwisho wa mwezi, alama zinageuzwa fedha. Mwezi wa kwanza Mama Ramani alipata sawa na mshahara wa mwezi mmoja na nusu wa karakana. Akanunua dawa za miezi mitatu na, kwa mara ya kwanza tangu augue, akalipa umeme wa nyumba nzima.

Neema hiyo haikukaa. Kufikia mwezi wa nne watu walikuwa wameshaushtukia mfumo. Ramani ya siku tisa ilipata alama zile zile za mistari mitatu. Wapo waliozikatakata ramani zake vipande vipande wakavituma kama vyao. Wengine waliandika uongo kwa makusudi ili watu waje kubisha, kwa sababu ubishi nao ni maoni.

"Ule mfumo unahesabu, hausomi," anasema.

Pato lake likashuka hadi robo. Wifi yake, bila ubaya wowote, alimwambia kwamba wenzake wanakula na yeye bado ananawa mikono. Alilikataa neno hilo wiki mbili. Wiki ya tatu alianza na yeye kuandika vifupi. Mwanzoni alikuwa akijaribu kila alichoandika, baadaye akawa anajaribu nusu, na mwishowe hakujaribu chochote.

Jumanne moja aliandika namna ya kuhamisha ghala kuu la mji: bomoa la zamani, kisha jenga jipya. Aliitoa kwenye ramani yake ya zamani. Hakujua kwamba mchezo ulikuwa umebadilishwa wiki mbili kabla, na kwamba sasa mji usio na ghala, hata kwa dakika moja, unahesabiwa umehamwa na unafutwa.

Dereva mmoja mstaafu wa malori alifuata maelezo hayo hatua kwa hatua. Mji wake aliujenga kwa miaka sita pamoja na mkewe, ambaye mitaa yote kumi na tisa aliipa majina ya dada zake na shoga zake. Mke alifariki mwaka jana. Mzee aliendelea kuufungua mji huo kila asubuhi.

Ujumbe wake Mama Ramani bado anao. Anausoma kwa sauti ya chini: "Mwanangu, nimefanya ulivyoelekeza. Mji umeondoka wote. Huenda nimekosea mimi, maana wewe hujawahi kutupoteza."

Anaufunga.

Aliwaandikia wenye jukwaa, ambao ndio wenye mchezo, wamrudishie mzee mji wake. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: kilichofutwa hakirudi. Wakati huo, chini ya andiko lake, watu walikuwa wakitukanana na kutaniana, maoni yamepita mia tatu, na alama zinapanda. Mfumo ukalipandisha ukurasa wa mbele kama andiko bora la wiki. Watu wengine wawili wakalisoma, wakapoteza miji yao.

Akalifuta, ingawa onyo lilimwambia wazi kwamba atapoteza alama zake zote za mwezi. Kwa mzee aliandika: "Hukukosea, mzee wangu. Nimekosea mimi. Sikujaribu." Mzee akamjibu kwamba amesikia, na kwamba anashukuru kwa kuambiwa. Tangu hapo jina lake halijaonekana mchezoni, na hii ni wiki ya saba.

Umeme wa mwezi ule ulilipwa na wifi. Hakuuliza kitu.

Mama Ramani hafichi kwamba bado anaandika vifupi ishirini kwa siku, ingawa sasa haandiki juu ya kubomoa chochote. Dawa lazima zinunuliwe. Ila mchana, akishamaliza, huchimbua picha ambazo mzee aliwahi kuzituma jukwaani miaka ya nyuma, akitafuta kona, kisima, kibao cha mtaa. Anauchora upya mji ule kwenye karatasi zake. Katika mitaa kumi na tisa, ameipata minne.

Wifi anamshauri amtumie mzee hiyo minne, apate faraja. Yeye anakataa. Anataka aimalize yote kwanza, na hata akiimaliza ataiweka, hataituma.

"Nikimtumia leo, nitakuwa namlazimisha anisamehe," anasema. "Siku akirudi mwenyewe akauliza, aikute tayari. Na asiporudi, basi."

Mchana, andiko la ishirini likishatumwa, anavuta karatasi karibu na dirisha, anaanza kuutafuta mtaa wa tano.