Sanda ya Bibi

Miaka ile nguo zilikuwa adimu. Pale Temeke watu walipanga foleni kwenye duka la ushirika tangu alfajiri, na bafta, kile kitambaa cheupe cha sanda, ikija ilikwisha kabla nusu yao hawajafika mlangoni. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa amekwisha kujiwekea sanda zamani, sandukuni kwetu. Alipohamia Mbweni kwa shangazi aliiacha. Kisha akaugua, akatuma neno aletewe, asije akazikwa kwa nguo ya kuombaomba.

Baba alikuwa amevunjika mguu. Petroli haikupatikana, na basi la kufika Mbweni halikuwapo. Tulikuwa na punda ambaye baba alimtumia kubebea maji ya kujaza mabirika ya misikitini. Nilikuwa na miaka kama kumi. Baada ya sala ya alfajiri mama alinifunga sanda kiunoni, nikapanda.

"Usimpige," baba akasema.

Sikumpiga. Lakini punda yule kila alipoona birika la kutawadhia alisimama. Magomeni nilimvuta, nikambembeleza, wapi. Muadhini akatoka kututazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mleta maji gani wewe, unakuja mikono mitupu?"

Nilipomweleza alicheka, akanipa ndoo na kunionyesha kisima. "Basi timiza kazi yake, atakuruhusu."

Nikamimina maji birikani. Punda aliposikia yanaanguka, akaondoka mwenyewe. Tukaenda hivyo njia nzima, kila msikiti ndoo moja. Adhuhuri nilisali Kawe. Mbweni niliingia alasiri imekwisha kusaliwa.

Barazani kwa shangazi watu walikuwa wamejaa, nikajua nimechelewa. Kumbe aliyefariki ni jirani, mkwezi wa minazi. Wanaume walikuwa wamezunguka tangu asubuhi kutafuta sanda, wasipate. Bibi alikuwa ndani, amelala, macho yake mazima.

"Mume wangu huyo," akasema. "Wenzio huwaletea wake zao khanga."

Akaifungua ile sanda, akainusa. Bado ilinukia udi. Kisha akamwita shangazi.

"Mwanamume anatosha kwa nguo tatu. Wapelekee."

"Mama, na wewe je? Ya mwanamke ni tano."

"Mie bado nahema."

Jirani alizikwa kabla ya magharibi. Nguo mbili zilizobaki bibi aliziweka chini ya mto. Kesho yake nilirudi Temeke, na punda akasimama tena kila msikiti. Nilikuwa nimekwisha kuzoea, hata sikumvuta.

Bibi alipona, alhamdulillahi, akaishi miaka kadhaa. Siku yake ilipofika, bafta ilikuwa bado haionekani madukani. Mjane wa yule mkwezi alikuja na kifurushi kabla hajaitwa. Alikuwa ameipangia foleni muda wote ule, akipata kipande anaweka, akikosa anarudi tena. Zilikuwa nguo tatu. Shangazi akazitoa zile mbili chini ya mto, wakaanza kumvika.