Dirisha la Mfalme

Mama yangu mkubwa, aliyetutoka wiki hii, ndiye aliyenilea. Alifanya kazi katika kasri la mfalme la ufukweni tangu usichana wake mpaka magoti yalipomgomea. Nayaandika haya nikiwa na uchungu, na Mungu anisamehe nikizidisha.

Kasri lile lilijengwa na babu yake mfalme, aliyeona joto la mji mkuu linawafaa watu wengine, si yeye. Waliokuwa wakiishi pale wakahamishiwa nyuma ya kilima wasije wakamzibia upepo. Baada ya taabu yote hiyo, wafalme wakawa wanakuja wiki chache tu kwa mwaka. Kuna miaka hawakutia mguu kabisa, lakini mashuka yalipigwa pasi na meza ikaandaliwa kila jioni mbele ya viti vitupu. Ibada ya namna hiyo hata Mwenyezi Mungu haipati kwetu.

Mama alisafisha chumba cha kulala cha mfalme, chenye dirisha kubwa la mbao la kutazama bahari. Mfalme asipokuwepo, dirisha lilifungwa ili chumvi isile mapazia ya hariri, naye akapangusa vumbi kwa mwanga wa taa. Mfalme akija, dirisha lilifunguliwa, ila chumba kilihudumiwa na watu wake wa mji mkuu. Mkubwa akipita ukumbini, mtumishi alitakiwa kugeukia ukuta mpaka apite. Mama aliujua ukuta ule kuliko alivyozijua sura zetu.

Ufalme ulipokwisha, askari walilala humo, kisha kasri likawa hoteli, na sasa ni makumbusho. Mwaka huu, alipozidiwa, Mama akaniambia:

"Mwanangu, nipeleke kwenye lile dirisha kabla sijaondoka. Nimelifuta maisha yangu yote, sijui linaonyesha nini."

"Mama, bahari si hiyo hapo nyuma ya soko?"

"Hiyo ni ya watu. Mimi nataka ya mfalme."

Tukaenda. Dirisha lilikuwa limefungwa vilevile. Kabla sijamwomba mlinzi alifungue, akaingia mkuu wa makumbusho na wageni wake, viatu vikilia sakafuni. Mama akashtuka, akageuka, akabandika paji la uso ukutani. Mzee, mgonjwa, na fimbo yake mkononi! Mgeni mmoja akadhani ni maonyesho, akampiga picha.

"Mama, geuka," nikasema. "Mfalme wako alishaoza."

Akageuka taratibu, akampima yule mkuu kutoka utosini hadi kwenye viatu.

"Wewe ndiye mwenye nyumba siku hizi?"

"Naisimamia tu, bibi."

"Basi nifungulie dirisha, mjukuu wangu."

"Tatizo chumvi, bibi. Mapazia haya..."

"Yamewazika wenyewe wote, yatakufa kwa ajili yangu? Fungua, bwana!"

Wageni wakacheka. Mkuu akaona haya, akamwashiria mlinzi. Dirisha likafunguka kwa kelele. Mama akasogea, akashika ukingo, akatazama kwa muda mrefu. Nikatoa leso nimfute machozi.

"Kumbe ni ileile," akasema. "Tena ya nyuma ya soko ina upepo zaidi. Twende zetu, miguu inaniuma."

Njia nzima alicheka mpaka akakohoa. "Ati ya mfalme!" akawa anarudia. "Ati ya mfalme!"

Jana tumemzika. Namwomba Mungu ampokee kwa mlango wa mbele, na huko aliko pasiwe na ukuta wa kugeukia.