Mkanda wa Bure

Mtaani walimwita Punguza, na jina lenyewe alilipata kwa jasho lake. Ukiingia dukani kwake na orodha ndefu ya vifaa vya kuvulia, anaisoma, anakunja uso, anachukua kalamu na kuanza kufuta. Hiki cha nini? Hiki wamekudanganya. Hiki utanunua mwakani, kama hamu itakuwa bado ipo. Mtu anaingia na vitu kumi na vitano kwenye karatasi, anatoka na vitano mkononi, na bado anashukuru. Sijui ni mfanyabiashara gani mwingine angekula kwa mtindo huo, lakini Punguza alikula, tena akasomesha.

Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu na chembamba, kimebanwa kati ya fundi saa na muuza rangi. Aliuza vifaa vilivyotumika vya uvuvi wa mtoni, ule wa nzi wa bandia. Unafunga manyoya na nyuzi kwenye ndoana ndogo mpaka ifanane na mdudu, unairusha kwa fimbo ndefu nyepesi, inaelea juu ya maji, na samaki mjinga anadhani amepata kifungua kinywa. Mchezo wa wenye hela, watu walisema, na hawakukosea sana. Mbele kidogo, barabara hiyohiyo, kulikuwa na duka la vioo vitupu ambako bei ya fimbo moja ilitosha kumtia mtu homa. Wateja wa Punguza walikuwa makarani, wauguzi, madereva, watu walioutazama mchezo ule kwa mbali wakautamani.

Somo lake halikubadilika. Fimbo iwe ya futi tisa, uzito wa namba tano. Mikwaruzo si kitu, tafuta ufa. Rili, kile kigurudumu cha kuzungushia uzi, chukua ya bei ya chini kabisa, maana kwa anayeanza kazi yake ni kutunza uzi tu, haijawahi kumvua samaki yeyote. Hela yako iweke kwenye uzi. Uzi ndio unaombeba nzi, na uzi mbovu humfanya hata bingwa aonekane mlevi. Nzi sita wanatosha, watie kwenye kopo la peremende. Basi, nenda kavue.

Kitu kimoja tu hakukifuta kwenye orodha ya mtu, nacho ni mkanda wa ovaroli. Ovaroli yenyewe ni vazi la mpira la kuingilia majini, buti na suruali vimeshikana mpaka kifuani. Mkanda unaikaza kiunoni, ili ukianguka maji yasiingie yakajaa miguuni. Punguza hakuuuza mkanda. Aliugawa. Hata ukinunua ndoana mbili, unatoka na mkanda, utake usitake. Walimtania kwamba leo Punguza ameongeza, naye alitabasamu nusu, akageukia rafu kupanga vitu vilivyokwisha kupangwa.

Sababu ilikuwa nyuma ya duka, imetundikwa msumarini. Miaka sita iliyopita aliingia mwalimu wa jiografia, mtu wa mizaha, aliyejua mito ya dunia nzima kwenye ramani na hajawahi kulowesha goti ndani ya hata mmoja. Hela yake ilikuwa ndogo na furaha yake kubwa, mteja wa aina ile aliyempenda Punguza na Punguza akampenda. Wakapunguza pamoja, wakicheka, mpaka wakafika kwenye mkanda. Mwalimu akauliza, na huu? Punguza akamjibu maneno ambayo tangu hapo anayasikia kila asubuhi akifungua mlango.

"Achana nao. Mto wenyewe unafika magotini."

Mto ulifika magotini wiki mbili. Wiki ya tatu mvua ilinyesha huko milimani, maji yakaja, Mwalimu akateleza penye bwawa chini ya daraja la miti. Waliomwopoa walisema ovaroli ilikuwa imejaa mpaka kifuani, na ilichukua watu wanne kumvuta. Hakuwa na kitambulisho, ila ndani ya vazi kulikuwa na chapa ya duka, wakalileta kwa Punguza awaambie ni la nani. Akawaambia. Wakaenda zao, wakaliacha.

Hakuliuza, hakulitupa. Alilitundika nyuma, karibu na mlango wa uani, na asubuhi ya kwanza akakuta kidimbwi chini ya buti. Sawa, halijakauka. Asubuhi ya kumi akakuta kidimbwi. Akaita fundi wa paa, paa likabadilishwa bati tatu, kiangazi kikaja kikaisha, na kila siku anapofungua duka kuna maji kiasi cha kiganja pale sakafuni. Aliyapangusa kwa tambara kabla ya wateja kuingia. Mkewe alipitia siku moja, akapapasa buti zile, akasema baba watoto, hizi ni kavu kama mkaa, una nini? Punguza akaficha tambara nyuma ya mgongo. Aliogopa, na aibu ilimzidi woga. Tangu Mwalimu afe hakukanyaga mtoni tena. Mtu anauza fimbo za kuvulia na hajui mto umekaaje siku hizi!

Msibani alikwenda. Alikaa nyuma kabisa, akampa mjane mkono kama wengine, akaondoka mapema. Alijiaminisha kwamba mjane hakumjua, na kwamba siku moja, mambo yakitulia, atakwenda kumwambia ukweli. Mambo yakatulia kweli. Yeye hakwenda.

Kwa hiyo Jumatano moja, saa nne asubuhi, mjane wa Mwalimu alipoingia dukani na mkoba wa kitambaa begani, Punguza alishika meza. Alimtambua mara moja. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na sindano mbili zilikuwa bado zimechomekwa kwenye kola ya gauni lake. Mama yule hakujitambulisha. Alimwamkia kwa heshima, akasema anataka kuanza kuvua kwa nzi, na hela yake si nyingi.

"Nasikia wewe husemi uongo, mzee. Niambie kipi ni lazima na kipi niachane nacho."

Mkono wa Punguza ulitafuta kalamu ukaikosa. Ulimi ukaenda wenyewe kwenye somo lake la kila siku, fimbo, rili, uzi, na mama akasikiliza kama mwanafunzi, akauliza maswali mafupi ya akili. Kwa nini namba tano? Kwa sababu haichoshi mkono na haichagui samaki. Huu uzi mbona ghali kuliko rili? Akaeleza. Na moyoni akawa anajiambia, mwambie sasa, mpumbavu wewe, mwambie kabla hajalipa. Akafunga kipande cha uzi wa sweta kwenye ncha ya uzi, badala ya ndoana, akamwomba watoke uani ajaribu kurusha.

Njia ya uani ilipita penye ovaroli. Mama akasimama. Akaitazama toka juu mpaka chini, akainama akashika buti ya kushoto pale kisigino, kisha akavisugua vidole vyake polepole.

"Mbona imelowa?" akauliza.

Miaka sita Punguza alitaka mtu mmoja tu aseme neno hilo, na liliposemwa akatamani lisingesemwa. Akajibu kwamba paa linavuja. Mama akainua macho kwenye bati zisizo na hata tundu moja, akayashusha, akafuta vidole kwenye gauni na kutoka nje.

Uani alirusha vibaya mwanzoni, kama wote. Mkono ulikuwa na haraka. Punguza akamwambia auache uzi unyooke kwanza nyuma yake, ndipo aulete mbele, na mshonaji huyo aliyezoea kuongoza nyuzi akaelewa mara ya nne. Uzi wa sweta ukatua juu ya zege bila kishindo. Hakutabasamu. Alisema tu kwamba sasa ameelewa kwa nini mtu angesahau chakula kwa ajili ya kitu hiki.

Wakarudi ndani. Vitu vikakaa juu ya meza: fimbo, rili, uzi, kopo la nzi, ovaroli ya ukubwa wake iliyozibwa goti moja. Juu ya vyote Punguza akaweka mkanda.

"Na huu?"

"Huo bure, mama."

"Sijauliza bei. Nimeuliza kama ni lazima."

 Punguza akakaa kwenye kigoda chake, akautazama mkanda na si uso wa mama, akasema ni lazima, na kwamba ulikuwa lazima siku zote. Akasema mume wake aliuliza swali hilohilo, pale pale aliposimama yeye, na aliyemjibu auache ni yeye Punguza. Hakuomba radhi. Alikuwa amezitunga radhi nyingi miaka hiyo yote na zote zilimkimbia.

 Kwa fundi saa redio ilikuwa inasoma bei za mazao.

"Najua," mama akasema. "Alinisimulia jioni ileile. Alikuja akicheka, amebana fimbo kwapani, akasema kuna mzee mmoja mwema amempunguzia. Hela iliyobaki tulinunua kuku. Tulikula tukakuombea heri."

Punguza akafunika uso.

"Sikukasirika kwa ule mkanda, mzee. Mtu anakosea. Wewe ulikosea, na mimi nililamba vidole. Wiki ile ya kwanza, ungekuja ungenikuta nakungoja. Nilitaka mtu mmoja wa kulia naye ambaye ana sababu kama yangu. Nikangoja mwezi. Nikangoja mwaka. Sasa sina tena cha kukupa, nimekwisha kulia peke yangu."

Sauti yake haikupanda hata kidogo, na afadhali ingepanda. Akavuta mkanda, akaupima kiunoni juu ya gauni, akaukaza mpaka tundu la tatu. Akalipa. Akasema Jumamosi asubuhi ataingia mtoni, penye lile bwawa chini ya daraja la miti, na kwamba hana mtu wa kusimama ukingoni kumwangalia akiingia na kumwangalia akitoka.

 Punguza akainuka, akasema ndiyo, atakuja, Jumamosi alfajiri atakuwa pale kabla yake.

"Usiniambie utakuja," mama akajibu, akiuweka mkoba begani. "Siku ya mazishi pia ulinishika mkono ukaniambia hivyohivyo."